Nilinunua Fleti, Nikanunua na Majirani

Jumamosi moja asubuhi, mhandisi tuliyemwita kulikagua jengo letu hapa Nyali, Mombasa, alisimama chini ya dari ya maegesho, nyundo ndogo mkononi, akawa anagonga zege hatua kwa hatua huku ametega sikio, kama mama anayechagua tikiti maji katika soko la Kongowea. Palipokuwa pazima mlio ulikuwa mkavu na mfupi. Palipokuwa pabovu ulirudi mlio wa kitu chenye uwazi ndani, naye akapazungushia duara la chaki. Karibu na nguzo ya tatu hapakuwa na haja ya nyundo, kwa sababu kipande cha zege kilikuwa kimeanguka tangu mwezi uliotangulia na kubonyeza boneti ya gari la jirani, na nondo mbili zilizobaki wazi zilikuwa zimevimba kwa kutu na kubanduka matabaka. Nilizigusa, na ungaunga wa kutu ukabaki kidoleni. Alipomaliza kazi yake nilihesabu maduara 37.

Wiki tatu baadaye makadirio yakaja: shilingi milioni 6.8 za kukarabati dari hiyo, nguzo nne na tabaka la kuzuia maji juu ya paa. Jengo lina fleti 24. Mgawo wangu, kwa kadiri ya ukubwa wa fleti yangu, ulikuwa shilingi 270,000, zilipwe ndani ya miezi 6, mbali na ada ninayotoa kila mwezi. Nimekuwa mwenye nyumba hapa tangu mwaka 2015, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hesabu za umiliki nilizimaliza siku nilipokabidhiwa funguo. Marafiki wengi huniuliza kama fleti ni mahali pazuri pa kuweka akiba ya maisha, na kila mara nimewajibu kwa neno moja au mawili njiani. Swali lao linastahili jibu refu zaidi.

Nianze na ardhi, maana ndiyo iliyonileta huku. Bibi yangu mzaa mama aliishi na kufia katika nyumba ya Kiswahili huko Majengo, nyumba ambayo kuta, boriti na mabati yake vilikuwa mali yake, lakini kiwanja kilichoibeba kilikuwa cha mtu mwingine. Watu wa Mombasa hawahitaji kuelezwa mpango huo wa nyumba bila ardhi, kwa sababu mitaa mizima ya mji wetu imejengwa juu yake: mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja, anaweza kupangisha vyumba, anaweza hata kuiuza nyumba, lakini chini ya miguu yake hana kitu. Bibi alizihifadhi stakabadhi zake zote ndani ya mkebe wa biskuti, zimefungwa kwa uzi mwaka kwa mwaka, na akatuusia tusizitupe. Warithi wa mwenye ardhi walipouza kiwanja, stakabadhi zile zilithibitisha tu kwamba alikuwa mpangaji mwaminifu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, na nilijiapiza kwamba nyumba yangu itakuwa na hati yenye jina langu.

Niliponunua fleti hii sikupata hati ya namna hiyo. Nilichopata kilikuwa mkataba wa ukodishaji wa muda mrefu, wa miaka 99 kasoro siku chache, pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi ambayo iliahidiwa kukabidhiwa ardhi mara mjenzi atakapomaliza kuuza fleti zote. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa kawaida nchini Kenya kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1987 ya umiliki wa sehemu za majengo ilikuwapo lakini wachache waliitumia, na wanunuzi wengi waliishi kwa mikataba kama wangu huku hati mama, yaani hati ya kiwanja kizima, ikiwa kabatini kwa mjenzi, au ikiwa rehani benki kwa mkopo wa mjenzi huyo huyo. Sheria mpya ya mwaka 2020 ilikuja kurekebisha hali hiyo: kila mmiliki apate hati ya sehemu yake pamoja na fungu lake katika mali ya pamoja, na wamiliki wote wawe chombo kimoja kinachotambuliwa kisheria. Wenye mikataba ya zamani walipewa miaka 2 kuibadilisha. Sisi ilituchukua zaidi ya hiyo, kwa sababu mjenzi wetu hakuharakisha kuitoa hati mama, na kwa sababu kila fleti ilibidi ichangie ada ya mpima ardhi na ya wakili kabla ramani ya sehemu haijasajiliwa. Wako wamiliki katika majengo ya jirani ambao hadi leo wanashikilia mikataba ile ya zamani, na benki ikiombwa mkopo kwa dhamana yake inasitasita. Ndiyo maana mtu akiniambia amepata fleti kwa bei ya chini kuliko soko, swali langu la kwanza ni hati mama iko wapi na imeandikwa jina la nani.

Gharama za siku ya ununuzi sitazikalia sana, kwa kuwa wakili yeyote atakueleza. Nilinunua kwa shilingi milioni 8.5. Ushuru wa stempu mijini ni asilimia 4 ya thamani, yaani shilingi 340,000 kwa upande wangu, na juu yake kuna ada ya wakili, ya mthamini na ya usajili. Fedha hizo zinauma, lakini unaziona mapema na unazilipa mara moja. Ninazoziogopa ni zile zinazokuja baadaye, na ambazo kiasi chake kinaamuliwa na mkutano wa watu wengi.

Ada ya huduma ni mfano mzuri. Wakati wa kuuza, mjenzi alitutangazia shilingi 6,000 kwa mwezi, na kwa mwaka mmoja na nusu zilitosha, kwa sababu lifti ilikuwa mpya, pampu ilikuwa mpya, rangi ilikuwa mpya, na upungufu mdogo mdogo aliufidia yeye mwenyewe kimyakimya ili fleti zilizobaki ziuzike. Alipoondoka, tukaiona gharama halisi. Leo tunalipa 9,500. Fleti 24 zikilipa zote, tunapata shilingi 228,000 kwa mwezi, na walinzi, umeme wa pampu na taa za ngazi, mkataba wa lifti, mfagizi, taka na maji hutumia kama 190,000. Maji peke yake ni jambo la kutaabisha hapa pwani: ya bomba huja kwa mgao, ya kisima yana chumvi inayokula koki na hita, na mgao ukikatika wiki mbili tunaagiza gari la maji, ambalo bei yake hupanda siku hizo hizo unapolihitaji. Kwa hesabu ya karatasi, hata hivyo, tunabaki na akiba ya 38,000 kila mwezi.

Karatasi haijui kwamba fleti 7 hazilipi. Tunachokusanya kweli ni shilingi 161,500, na akiba ya 38,000 inageuka pengo la 28,500.

Naomba nieleze ni akina nani hao saba, kwa sababu kabla ya kununua nilidhani wasiolipa ni watu wasio na haya, na nimegundua mambo ni mazito kuliko hivyo. Fleti mbili ni zile ambazo mjenzi hakuziuza, na anashikilia kwamba fleti tupu haitumii huduma, ingawa paa linaifunika na mlinzi anailinda kama nyingine. Tatu ni za wenzetu wanaofanya kazi Dubai na Muscat, ambao wamepangisha, wakamwambia mpangaji kwamba ada imo ndani ya kodi, kisha hawaileti. Moja ni ya kijana aliyepoteza kazi, na huyo anakuja mwenyewe kwa mweka hazina kila mwezi kueleza, na namheshimu. Ya saba ni ya marehemu. Mzee wetu wa ghorofa ya nne alifariki miaka mitatu iliyopita akaacha mjane na watoto sita, mirathi bado haijagawanywa, na fleti ya vyumba vitatu haikatwi mafungu kama shamba. Kila mrithi anaona fungu lake ni dogo na deni ni la wote, basi hakuna anayelipa. Katika jamii yetu jambo hili litazidi kadiri majengo yanavyozeeka pamoja na wenyewe, na sijasikia wakala yeyote wa nyumba akimtajia mnunuzi.

Sheria inakipa chombo cha wamiliki uwezo wa kudai michango kama deni linavyodaiwa. Lakini mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, na mjane yule ndiye anayempelekea sahani ya futari kila Ramadhani. Nani atampeleka mwenzake mahakamani kwa shilingi 9,500? Deni linalala, na linapolala, wanaolipa ndio wanaombwa kuongeza.

Sasa nirudi kwenye zile nondo. Mwaka 2019 fundi alituambia kwamba tabaka la kuzuia maji juu ya paa limechanika na maji ya mvua yanasimama badala ya kutiririka. Alitaka shilingi milioni 2.1. Tulikutana pale pale kwenye maegesho, viti vya plastiki vimepangwa baina ya magari, na baada ya saa mbili za mabishano tukapiga kura. Nilikuwa miongoni mwa walioinua mkono kuahirisha. Nilikuwa na ada ya shule ya watoto wawili, dari ya fleti yangu ilikuwa kavu, na sikuliona paa kama mali yangu. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika umiliki huu, nami nalisema waziwazi kwa sababu najua katika majengo mengi mikono ile ile inainuliwa hivi sasa.

Zege karibu na bahari haliozi kwa macho. Chumvi hupenya polepole pamoja na maji hadi kwenye chuma, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo huisukuma zege kutoka ndani mpaka inapasuka. Ufa ukifunguka maji huingia kwa urahisi zaidi, na mwendo unaongezeka. Ndiyo sababu milioni 2.1 za mwaka 2019 zikawa milioni 6.8, na bei za saruji na ufundi zilizopanda ni sehemu tu ya tofauti hiyo.

Wiki niliyopokea makadirio nilisoma upya habari za Champlain Towers South, jengo la mwaka 1981 katika mji wa Surfside, Florida, lililokuwa kando ya bahari na lenye fleti 136. Mwaka 2018 mhandisi aliwaandikia wamiliki kwamba tabaka la kuzuia maji chini ya eneo la bwawa la kuogelea limeharibika na kwamba zege inaathirika, na makadirio ya ukarabati yalipita dola milioni 9. Wamiliki walibishana, wajumbe wa kamati wakajiuzulu, miaka ikapita. Mwezi wa Aprili 2021 kamati ilipitisha mchango maalumu wa dola milioni 15, ambapo mwenye fleti ya chumba kimoja alitakiwa kutoa kama dola 80,000 na mwenye ile kubwa ya juu kabisa kama dola 336,000, malipo yaanze tarehe 1 Julai. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni sehemu kubwa ya jengo iliporomoka na watu 98 wakafa. Siwezi kulinganisha maegesho yetu na msiba ule, na mhandisi wetu ametuhakikishia kwamba tumeuwahi ugonjwa. Lakini mabishano yao niliyatambua neno kwa neno. Kulikuwa na mstaafu asiye na fedha, mwenye kununua ili auze karibuni, na aliyesema dari yake ni kavu.

Baada ya hapo, mwaka 2022, Florida ilitunga sheria ya kuwalazimisha wamiliki wa majengo ya ghorofa tatu na zaidi kukaguliwa yanapofikia umri fulani, na kuweka akiba ya matengenezo ya mhimili wa jengo bila ruhusa ya kuiondoa kwa kura. Ada zikapanda ghafla, na wazee wengi wanaoishi kwa pensheni wakalazimika kuuza. Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Ada ndogo iliyokuwa ikiwafurahisha wanunuzi kwa miongo kadhaa ilikuwa deni la zamu inayofuata, na aliyekuwa ndani siku lilipoiva ndiye aliyelibeba.

Upande wa mkopo nao una hatari yake. Mimi nilinunua kwa musharaka inayopungua, ambapo benki na mimi tulikuwa wabia, nikawa nanunua fungu lake kidogo kidogo huku nikilipa kodi ya lile lililobaki. Mkataba wangu uliniachia mimi matengenezo na ada zote hata wakati benki ilipokuwa na fungu kubwa kuliko langu, kifungu ambacho nilikitia sahihi bila kukifikiria. Jirani wa ghorofa ya pili alichukua mkopo wa riba inayobadilika. Kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya kilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022, na kufikia Februari 2024 kilikuwa asilimia 13. Chukua mkopo wa shilingi milioni 6 wa miaka 20: kwa riba ya asilimia 13 malipo ya mwezi ni kama 70,300, na kwa asilimia 17 ni kama 88,000. Mtu huyo, aliyeongezewa karibu shilingi 18,000 kwa mwezi na benki, ndiye sisi tunayemgongea mlango kumwomba mchango wa paa. Hatari hizi mbili hukutana katika mfuko mmoja, na hukutana nyakati mbaya za uchumi, wakati ambapo majirani wote wamebanwa kwa pamoja.

Wanaonunua ili wapangishe wanapaswa kupiga hesabu kwa uangalifu zaidi. Fleti kama yangu hupangishwa kwa shilingi 45,000 kwa mwezi. Ikikaa tupu mwezi mmoja, mwaka huleta 495,000. Kodi ya mapato ya upangishaji, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pango lote linalopokewa, inachukua 37,125, na ada ya huduma 114,000. Kinabaki 343,875, juu ya mali ambayo jirani aliuza mfano wake mwaka jana kwa milioni 9. Hiyo ni chini ya asilimia 4. Mwaka wa mchango wa 270,000, kinabaki 73,875. Serikali ilikopa fedha Februari 2024 kwa kuuza hatifungani ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46 kwa mwaka, isiyokatwa kodi, na ingawa mimi sichukui riba, siwezi kumficha msomaji tofauti hiyo. Na kuhusu kupanda kwa bei, milioni 8.5 kuwa milioni 9 katika miaka tisa maana yake ni kwamba thamani imeshuka ukiipima kwa bei ya unga. Ardhi ndiyo inayopanda, na katika fleti fungu lako la ardhi ni dogo, huku sehemu kubwa ya fedha yako ikiwa katika zege, mabomba na lifti, vitu ambavyo huchakaa.

Hata hivyo, sijaiuza, na siandiki haya kumkatisha mtu tamaa. Kiwanja peke yake katika mtaa huu kingenigharimu mara kadhaa ya nilicholipa, na kabla ya kuweka tofali la kwanza ningekuwa na wasiwasi wa hati mbili juu ya ardhi moja, jambo ambalo limewaumiza jamaa zangu wawili bara na pwani. Mlinzi, pampu na tangi ambavyo peke yangu nisingeweza kuvimudu, nalipia sehemu moja ya ishirini na nne. Mama yangu anaishi nami sasa, anapanda lifti, na nikisafiri nalala usingizi kwa kuwa mlangoni kuna watu wanaomjua kwa jina. Faida hizo haziingii katika hesabu ya asilimia 4. Ila nimejifunza kwamba zinanunuliwa kwa kuacha kitu kimoja ambacho bibi yangu, pamoja na udhaifu wa umiliki wake, alikuwa nacho kamili: paa lake lilipovuja alimwita fundi siku hiyo hiyo, bila kuitisha mkutano.

Mpwa wangu aliye Doha aliniandikia mwezi uliopita kwamba anataka kulipia fleti huko Bamburi ambayo bado iko katika michoro. Nilimwambia: mwanangu, kwa jengo ambalo halijasimama, nionyeshe upekuzi wa hati ya kiwanja uliofanywa mwaka huu, na mkataba unaosema fedha zako zinashikwa na nani hadi jengo likamilike. Kisha nikamshauri atazame pia jengo ambalo tayari lina watu, aombe hesabu za wamiliki za miaka mitatu na kumbukumbu za mikutano miwili ya mwisho, asome ni wangapi hawalipi, kuna akiba kiasi gani, na ni matengenezo gani yameahirishwa. Alinitumia picha nane za bwawa la kuogelea alizopewa na muuzaji. Upekuzi bado anausubiri, na kwa bahati nzuri hajatuma fedha.

Nasi tumeanza kazi. Nimeshalipa awamu mbili kati ya tatu za mgawo wangu. Mafundi wanachimba zege bovu, wanasugua chuma mpaka king'ae, wanapaka dawa ya kuzuia kutu, kisha wanaziba. Juzi mhandisi alirudi na nyundo yake akagonga palipozibwa, mlio ukawa mkavu na mfupi, akafuta chaki kwa kiganja. Maduara 11 yamefutwa. Mweka hazina ametuonyesha daftari: fedha zilizolipwa hadi sasa zinafika duara la 22.